Mnyonya Damu Mwenye Huzuni

Utotoni tulitishwa na mumiani. Hakuwa na jina wala ukoo. Alikuwa mtu wa usiku, mwenye gari, aliyewinda damu ya watu ili ikatengenezwe dawa. Sikupata kusikia mtu akimhurumia. Ndiyo maana nilijishangaa siku nilipoketi mbele ya kompyuta nikamlilia Dracula.

Nilikuwa natazama Castlevania, katuni ya watu wazima iliyoanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2017. Mkewe Dracula, Lisa, binadamu na tabibu, anachomwa moto na wakuu wa kanisa huko Wallachia mwaka 1475, kwa tuhuma za uchawi. Mume anawapa watu mwaka mmoja wahame, kisha anawafungulia majeshi ya mashetani. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2018, anapigana na mwanawe Alucard, chumba hadi chumba, mpaka wanaangukia kile alichokuwa akilala mwana huyo alipokuwa mdogo. Vitu vya kuchezea bado vimo. Baba anaishiwa nguvu palepale, na mwana anamchoma moyoni kwa kipande cha mti alichokivunja kwenye kitanda chake mwenyewe.

Mnyonya damu hakuzaliwa na huzuni hiyo. Mwaka 1732 matabibu wa jeshi la Austria walifukua makaburi katika kijiji kimoja cha Serbia, na waliokutwa humo walikuwa wanakijiji wa kawaida, maiti nyekundu zenye damu. Nani angezitamani? Aliyemvika mnyonya damu mavazi ya kibwana ni John Polidori, aliyekuwa tabibu wa mshairi Byron, katika hadithi yake ya mwaka 1819. Bram Stoker akampa kasri mwaka 1897. Wajapani nao, katika filamu ya Vampire Hunter D ya mwaka 1985, wakamweka mbele mtoto wa damu mbili, asiye wa huku wala wa kule.

Naona katuni inamfaa kuliko mwigizaji yeyote, kwa kuwa uso uliochorwa hauzeeki. Tena damu ya rangi haitii kinyaa sana. Labda hapo ndipo tunaponaswa.

Nilipomsimulia dada yangu kisa hiki, yeye aliuliza kwanza watu wa mji ule waliouawa walikuwa wangapi. Sikuwa nimewahesabu.