Asili ya Ufundi wa Skrini Katika Nundu

Msafiri apitaye Nundu, katika barabara itokayo Uvira kwenda Baraka, milima ikiwa kuume kwake na maji ya Tanganyika yakiwa kushoto, aweza kudhani kwamba kazi ya kutengeneza skrini bapa za kompyuta ni jambo lililoletwa juzi na ofisi za mashirika. Lakini mwenye kuitafuta asili yake hana budi kurudi nyuma hadi zama za redio ya transista, ambayo tangu miaka ya 1960 iliweza kusema kwa nguvu ya betri kavu tu, mahali ambapo nguzo za umeme hazikufika.

Kukosekana kwa nguzo hizo ndiko kulikomfunza fundi wa Nundu adabu ya kazi yake. Redio iliponyamaza, hakuanza kuituhumu redio yenyewe, bali alitazama kwanza betri zake, kama zimekwisha, au kama zimevuja na kutia kutu springi inayozishika. Vita vya Kongo vya 1996 vikawatawanya wenyeji, wengi wakavuka ziwa hadi Kigoma, Tanzania, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Na tangu 2005, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilipoanza kuwarejesha kwa meli mpaka Baraka, maisha yakaanza upya pamoja na kompyuta, jenereta, na baadaye paneli za jua, ambazo umeme wake hupanda na kushuka pasipo taratibu.

Ikasadifu kwamba skrini za miaka hiyo nazo ziliharibikia zaidi katika sehemu ya umeme, kwa kuwa kapasita nyingi, yaani vijenzi vinavyohifadhi umeme, za mwanzo wa karne hii zilitiwa maji ya kemikali hafifu, zikavimba na kupasuka kabla ya wakati wake. Skrini ikiwaka kidogo kisha ikawa giza, ilhali taa yake ndogo ya mbele ingali inawaka, fundi humulika tochi kwa mshazari juu ya kioo; akiona picha kwa mbali, hujua kwamba kioo ni kizima, na ila imo katika taa za nyuma au katika bodi inayozipa umeme. Hapo huchomoa waya na kungoja, maana kapasita kubwa yaweza kuhifadhi volti zipatazo 300 hata baada ya umeme kukatwa. Ndipo hufungua kifuniko, akazikagua kapasita vichwani, na iliyovimba huing'oa kwa chuma cha moto, akatia nyingine yenye mikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za ile ya kwanza, akichunga sana upande wa hasi. Kioo kikiwa kimepasuka, humwambia mwenyewe bila ya kuficha kwamba hapana la kufanya.

Basi kanuni hii ya kuushuku umeme kabla ya kukihukumu chombo haikutoka katika vitabu vya viwandani. Ilizaliwa na dhiki ya nchi isiyo na nguzo, na kompyuta zilipofika ziliikuta tayari.