Farumi

Jahazi likishashusha shehena yote, nahodha hatweki tanga hivi hivi. Mabaharia hupakia mawe au mchanga chini kabisa, chombo kikae imara majini. Uzito huo ndio farumi. Meli za mizigo siku hizi hutumia maji ya bahari, yanayovutwa kwa pampu hadi kwenye matangi. Kazi ni ileile.

Boti za matajiri, kinyume chake, huongezwa vitu juu: sitaha za starehe, bwawa la kuogelea, hata kiwanja cha helikopta. Mojawapo, Bayesian, ya urefu wa mita 56, ilikuwa na mlingoti mmoja wa mita 72. Mrefu kuliko chombo chenyewe! Mkuku wake nao, ubapa wa chini ya chombo unaosaidia kisipinduke, uliweza kupandishwa na kuteremshwa.

Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2024, ikiwa imetia nanga karibu na Porticello, Sicily, mkuku ukiwa juu, dhoruba iliilaza ubavu ikazama. Kati ya watu 22, walikufa 7. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa Uingereza ilikadiria kuwa, katika hali ile, upepo wa ubavuni unaozidi kilomita 117 kwa saa ungeweza kuipindua. Kitabu cha uthabiti kilichokuwa ndani ya boti hakikuutaja udhaifu huo.