Mwenye Mbwa ni Nani? Leseni, Fidia na Historia ya Uwajibikaji Wilayani Rungwe



1. Utangulizi

Katika Kiswahili twasema kwamba mbwa anafugwa. Tusemapo hivyo twatumia kitenzi kile kile tukitumiacho kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Hata hivyo, mtendaji wa kijiji atangazapo kuwa mifugo yote itahesabiwa, ni nadra kwa mtu kufikiri kwamba tangazo hilo lamhusu mbwa aliyelala kizingitini pake. Kitenzi kinamkubali mbwa, lakini nomino iliyozaliwa na kitenzi hicho inamkataa. Mbwa anafugwa, ila si mfugo.

Madai ya mhadhara huu ni kwamba pengo hilo si la kamusi pekee. Ni pengo la sheria pia, na anayelipia gharama yake ni mkulima ambaye mnyama wake ameuawa na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Nitalichunguza suala hili kwa kuitazama wilaya ya Rungwe, na mji wake wa Tukuyu, nikilinganisha na kwingineko pale ambapo ulinganisho utatusaidia kuona.

2. Mbuzi aliyefungwa kamba

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na udongo wa volkano. Migomba, chai, kahawa, viazi na maharagwe hukaribiana kiasi kwamba mpaka wa shamba la mtu na la jirani yake mara nyingi ni mstari wa miti tu. Katika nchi ya namna hiyo mnyama hawezi kuachwa azurure. Ng'ombe wa maziwa, ambao wilaya hii inasifika kwao, hulishwa bandani kwa majani yanayokatwa na kubebwa. Mbuzi hufungwa kamba kandokando ya njia au kwenye kipande cha majani.

Kamba hiyo ni utii. Mwenye mbuzi amekubali kubeba kazi ya ziada ili mazao ya mwenzake yasiliwe. Lakini kamba inayoliokoa shamba la jirani ndiyo hiyo hiyo inayomnyima mbuzi nafasi ya kukimbia. Tuchukue mfano wa kufikirika: usiku mbwa watatu wanapita, na asubuhi mbuzi jike mwenye mimba anakutwa amekufa penye kigingi chake. Mwenye mbuzi ametimiza wajibu wake wote. Mbwa waliofunguliwa ndio waliovunja amani. Alipwe na nani? Watu watasema kuwa mbwa mmoja anafanana na wa nyumba fulani, na nyumba hiyo itajibu kwamba mbwa yule hula tu makombo pale, si wao. Swali la fidia limekwisha kugeuka kuwa swali la sarufi: mwenye mbwa ni nani?

3. Kutoka kwa jirani hadi bomani

Kabla ya utawala wa kigeni, na kwa muda mrefu baada yake, maswali ya namna hii yaliulizwa kwanza kwa majirani. Godfrey Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, alichapisha mwaka 1937 makala ya utangulizi wa sheria za Wanyakyusa. Humo tunaona jinsi ugomvi ulivyoweza kusuluhishwa na rafiki au jirani anayeheshimiwa kabla ya kufikishwa kwa mkuu wa kijiji, na hatimaye kwa chifu. Naye Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza vijiji vya marika, ambamo wavulana walihama nyumba za baba zao wakaishi na wenzao wa umri mmoja, huku wakiendelea kuchunga ng'ombe wa baba.

Kwa mintarafu ya mada yetu, jambo la kuzingatia ni kwamba mfumo huo ulitegemea kujuana. Pale ambapo kila mtu anamjua kila mbwa kwa rangi na kwa sauti, daftari halihitajiki. Jirani ndiye daftari.

Ujio wa boma ulibadili uzito wa ushahidi huo. Wajerumani walihamisha makao yao ya utawala kutoka Langenburg, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hadi Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Waingereza waliichukua sehemu hiyo mwaka 1916. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri, zikiwamo za kuzuia kuenea kwa magonjwa ya watu na ya mifugo. Mashauri madogo ya fidia yalisikilizwa na mahakama za wenyeji kwa kufuata mila. Aidha, Kiswahili kilikuwa lugha ya maandishi ya ngazi hizo za utawala. Hivyo, mlalamikaji aliyeeleza dhara lake kwa Kinyakyusa aliweza kulikuta limeandikwa kwa maneno mengine: mdai, mdaiwa, fidia.

4. Sheria iliyobaki mjini

Wakati huo huo palikuwa na sheria nyingine nchini. Amri ya Kifalme ya mwaka 1920 iliingiza Tanganyika kanuni za sheria ya Uingereza pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 22 Julai 1920. Kwa kanuni za kale za Kiingereza, mwenye mnyama wa kufugwa hakuwajibika kwa dhara la ukali wa mnyama huyo mpaka ithibitike kwamba aliujua ukali wake tangu awali. Wafugaji wa kondoo wa Uingereza waliumizwa sana na kanuni hiyo, kwani ilikuwa kana kwamba kila mbwa amepewa ruhusa ya kuua mara moja bila malipo.

Bunge la Uingereza liliirekebisha kwa Sheria ya Mbwa ya 1865, na tena kwa ile ya 1906. Sheria hizo zilifanya mambo mawili. Kwanza, ziliondoa ulazima wa kuthibitisha kwamba mwenye mbwa aliujua ukali wake. Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, zilisema kwamba mkaazi wa nyumba ambamo mbwa alifugwa au aliachwa akae wakati wa tukio atachukuliwa kuwa ndiye mwenyewe, hadi athibitishe vinginevyo. Sheria ya 1906 ilihesabu mbuzi, kondoo, punda na nguruwe pamoja na ng'ombe.

Tutazame uzito wa kanuni hiyo ya pili. Haiulizi nani alimnunua mbwa, bali inauliza mbwa alilala wapi. Nyumba inayosema "hula makombo tu hapa" imekwisha kujijibia. Lakini hakimu wa Kiingereza na mahakama ya mila walikuwa katika nyumba mbili tofauti. Kanuni ambayo ingemfaa mkulima wa Rungwe ilikaa katika vitabu vya Kiingereza, ilhali shauri lake lilisikilizwa penginepo na kwa lugha nyingine. Mahakama ziliunganishwa baada ya Uhuru, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, lakini kuunganisha mahakama si sawa na kufasiri maarifa yake.

5. Leseni: ngao au mnyororo?

Njia nyingine ya kumjua mwenye mbwa ni leseni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uingereza ilianzisha leseni ya mbwa mwaka 1867 kwa ada ya shilingi 5. Mwaka 1878 ada ilipanda hadi shilingi 7 na nusu, ikabaki hivyo kwa zaidi ya karne moja. Katika Britania leseni hiyo ilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo gharama ya kuikusanya ilikuwa imekwisha kuzidi mapato yake. Nchini Marekani baadhi ya majimbo yalikwenda mbali zaidi. Pennsylvania, kwa sheria ya mwaka 1893, iliunganisha kodi ya mbwa na ulinzi wa kondoo: fedha zilizotoka kwa wenye mbwa ziliwalipa wafugaji waliopoteza kondoo. Mantiki yake ni nyepesi. Ikiwa mbwa muuaji hajulikani, basi wenye mbwa wote wachangie.

Lakini Afrika ina kumbukumbu nyingine ya leseni ya mbwa. Mwaka 1922, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilithibitishwa rasmi kuwa nchi ya udhamini chini ya Shirika la Mataifa, Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, ilikuwa pia chini ya udhamini, ikitawaliwa na Afrika Kusini. Huko kodi ya mbwa ilikuwa imepandishwa mwaka 1921 hadi pauni 1 kwa mbwa mmoja, na zaidi kwa kila mbwa aliyeongezeka. Kwa jamii ya Wabondelswarts, mbwa alikuwa mlinzi wa mifugo na mwenzi wa windo. Bila yeye mtu alilazimika kwenda kuajiriwa katika mashamba ya walowezi. Kodi hiyo ikawa miongoni mwa sababu kuu za upinzani wao. Serikali ilituma askari na ndege za kudondosha mabomu, na Wabondelswarts wapatao 100 waliuawa. Jambo hilo lilijadiliwa na Tume ya Udhamini kule Geneva, tume ile ile iliyopokea taarifa za Tanganyika.

Kwa hiyo leseni ina nyuso mbili. Kule Pennsylvania fedha zilirudi kwa aliyeumia. Kwa Wabondelswarts hakuna kilichorudi isipokuwa mabomu. Tofauti haiko katika neno bali katika njia ya fedha: zimetoka kwa nani, na zimekwenda kwa nani.

6. Fidia na kifuta jasho

Neno fidia limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kukomboa. Anayelipa fidia anajikomboa na deni. Kwa hiyo fidia humtaka mdaiwa. Pasipo mdaiwa hakuna fidia. Serikali yetu imelielewa hilo vizuri. Kwa kanuni za mwaka 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, malipo kwa wanaodhuriwa na wanyamapori hatari hayaitwi fidia. Huitwa kifuta jasho na kifuta machozi. Neno limechaguliwa kwa hadhari: anayemfuta mwenzake machozi hakiri kwamba ndiye aliyemliza.

Basi tazameni alipo mbwa. Mkulima aliyeuliwa mbuzi na simba anaweza kuomba kifuta jasho. Aliyeuliwa mbuzi na mbwa anayejulikana aweza kudai fidia, katika Baraza la Kata lililoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1985 au katika Mahakama ya Mwanzo. Lakini aliyeuliwa mbuzi na mbwa koko hana fidia, kwa kuwa hakuna mdaiwa. Wala hana kifuta jasho, kwa kuwa mbwa si mnyamapori. Yule anayefugwa pasipo kuwa mfugo ameangukia katikati, na amemwangusha mkulima pamoja naye.

7. Hitimisho

Sipendekezi kodi mpya. Mwaka 2003 nchi yetu ilifuta kodi ya maendeleo na ushuru mwingi mdogo uliokuwa kero, na wananchi wa vijijini wanakumbuka kwa nini. Ninachopendekeza ni maneno mawili na daftari moja. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 inaziruhusu halmashauri za wilaya na za vijiji kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo ya kijiji yaweza kusema, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mwenye mbwa ni yule ambaye mbwa hulala kwake. Na daftari laweza kuwa lile la chanjo ya kichaa cha mbwa, kazi ambayo lazima ifanyike kwa vyovyote, kwani karibu vifo vyote vya binadamu kutokana na ugonjwa huo hutokana na kuumwa na mbwa. Anayechanjwa aandikwe, na nyumba yake iandikwe.

Wanafunzi wa lugha mara nyingi huambiwa kwamba sheria ni kazi ya wanasheria. Lakini mwenye mbuzi aliyefunga kamba yake barabara anasubiri jibu la swali ambalo ni letu kwanza: nani aitwe mwenye? Tukilijibu kwa lugha inayoeleweka barazani, jirani ataweza tena kuwa daftari, na kamba ya mbuzi haitakuwa adhabu kwa aliyetii.