Utambulishi wa Grafu kwa Mantiki

Grafu hutambulishwa na mantiki fulani ikiwa ipo sentensi ya mantiki hiyo iliyo kweli kwake na kwa nakala zake tu. Kwa grafu yenye ukomo hilo huwezekana daima, mradi vigeu viwe vingi. Swali lenye uzito ni vichache kiasi gani vinatosha. Vigeu viwili, hata vikipewa uwezo wa kuhesabu, havitofautishi pembesita moja na pembetatu mbili zilizoachana, kwa kuwa kila kipeo kina majirani wawili. Kigeu cha tatu hufichua pembetatu papo hapo.

Wapo watakaosema mifano hiyo ni ya kutungwa: matokeo ya Babai, Erdős na Selkow ya mwaka 1980 yana maana kwamba vigeu viwili vyenye kuhesabu hutambulisha karibu grafu zote. Ni kweli, ila zilizobaki ndizo zinazosumbua. Mwaka 1992 Cai, Fürer na Immerman walijenga jozi za grafu zinazodai vigeu vinavyoongezeka sambamba na idadi ya vipeo, ingawa kompyuta huzitofautisha upesi. Ugumu basi umo katika muundo, wala si ukubwa: grafu zinazochoreka bapa bila mistari kukatana hutosheka na vigeu vinne vyenye kuhesabu, kama walivyothibitisha Kiefer, Ponomarenko na Schweitzer.