Saundiba mpya, TV ya zamani: Angalia nyuma ya TV kabla hujanunua waya

Saundiba imefika nyumbani, imetolewa kwenye boksi, imechomekwa kwenye umeme na taa inawaka. Mtu anainama nyuma ya TV na waya uliokuja na saundiba, anakuta hakuna tundu linaloupokea. Hapo ndipo wengi huambiwa: "Hiyo TV imepitwa na wakati, nunua nyingine."

Mara nyingi si kweli. TV nyingi za zamani, hata zile za chogo, zinaweza kufanya kazi na saundiba bila gharama kubwa. Pesa nyingi hupotea kwa sababu watu hununua waya kabla ya kujua sauti inatokea tundu gani.

Tofautisha IN na OUT

Tundu lililoandikwa IN linapokea, lililoandikwa OUT linatoa. Saundiba inahitaji tundu linalotoa. Ukichomeka waya kwenye AV IN ya TV hutasikia kitu, hata kama waya ni wa bei mbaya.

Tundu la USB la TV nalo halisaidii. Hilo ni la kusomea flashi, halitoi sauti.

Kabla ya kwenda dukani, piga picha nyuma ya TV na nyuma ya saundiba. Muuzaji akiziona hizo picha mbili, hatabahatisha.

HDMI: tafuta neno ARC

TV kuwa na HDMI hakutoshi. Kwa kawaida tundu la HDMI la TV linapokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi au deki. Linaloweza kurudisha sauti kwenye saundiba ni lile lililoandikwa ARC.

ARC ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009. TV ya kabla ya hapo haina, na hata zilizotoka baadaye si zote zinayo. Ikiwepo, mara nyingi ni kwenye tundu moja tu, kwa hiyo soma maandishi ya kila tundu.

Ukishachomeka, ingia kwenye menyu ya TV uwashe mawasiliano ya HDMI. Samsung wanayaita Anynet+, LG wanayaita SIMPLINK, Sony wanayaita BRAVIA Sync. Kisha chagua sauti itoke kwenye spika ya nje. Saundiba iliyoandikwa eARC kwa kawaida inakubali pia TV yenye ARC ya kawaida.

OPTICAL: njia nzuri kwa flati za zamani

Flati nyingi zisizo na ARC zina kitundu kidogo cha mraba kilichoandikwa OPTICAL au DIGITAL AUDIO OUT. Waya wake unapitisha mwanga badala ya umeme, ndiyo maana hauleti mvumo. Teknolojia hii ilianzishwa na Toshiba mwaka 1983, na bado saundiba nyingi mpya zinayo.

Mambo matatu ya kuzingatia:

- Toa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha za waya. Wengi husahau, kisha wanadhani waya ni mbovu.
- TV ikiwa imewaka, ncha ya upande wa saundiba inapaswa kuonyesha mwanga mwekundu. Kama hakuna mwanga, angalia upande wa TV kwanza.
- Ukiona mwanga lakini kimya, nenda kwenye menyu ya sauti ya TV uchague PCM. Baadhi ya saundiba hazisomi aina nyingine za sauti.

Usiukunje waya huu kama unavyokunja waya wa umeme. Unaharibika.

Nyekundu na nyeupe, au tundu la hedifoni

Kama TV ina AUDIO OUT yenye matundu mekundu na meupe, tumia waya wenye pini hizo upande mmoja na pini ndogo ya 3.5mm upande wa pili. Pini ndogo inaingia kwenye AUX ya saundiba.

Kama haina AUDIO OUT lakini ina tundu la hedifoni, tumia waya wenye pini ya 3.5mm pande zote mbili. Hapa sauti inaongezwa na kupunguzwa na rimoti ya TV pia. Weka TV katikati au juu kidogo, kisha rekebisha kwenye saundiba.

TV za mtumba kutoka Ulaya huwa na tundu pana la SCART lenye pini 21. Adapta yake yenye matundu ya AV mara nyingi ina swichi ya IN na OUT. Isukume kwenye OUT.

TV haina OUT yoyote? Geukia king'amuzi

Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia, tarehe 31 Desemba 2012, TV nyingi za chogo zimekuwa zikiendeshwa na king'amuzi. Sauti inapita kwenye king'amuzi kabla ya kufika kwenye TV. Basi ichukue hapo hapo.

Waya wa AV una pini tatu. Acha ya njano kwenye TV kwa ajili ya picha, kisha peleka nyekundu na nyeupe kwenye saundiba. Kama king'amuzi kimeunganishwa na TV kwa HDMI, jaribu matundu yake ya AV. Ving'amuzi vingi hutoa sauti pande zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo punguza sauti ya TV hadi sifuri.

Ukitumia njia hii, saundiba itatoa sauti ya king'amuzi tu. Ukitaka kuangalia deki, itabidi uhamishe pini.

Konveta: wengi huuziwa ya kinyume

Hii hutokea pale saundiba ina OPTICAL tu, na TV ina nyekundu na nyeupe tu. Hapo inahitajika konveta inayotoka analojia kwenda dijitali. Madukani inayopatikana kirahisi ni ile ya dijitali kwenda analojia, na kwa kuangalia zinafanana sana.

Soma boksi kabla ya kulipa: inayotakiwa imeandikwa Analog to Digital. Ile nyingine haiwezi kugeuzwa ikafanya kazi hiyo.

Vipi kuhusu Bluetooth?

TV nyingi za zamani hazina Bluetooth. Kuna kifaa kidogo cha kurusha sauti kinachochomekwa kwenye tundu la hedifoni, ila hakikisha ni cha kurusha, si cha kupokea. Kasoro yake ni kwamba sauti inaweza kuchelewa kidogo: mchezaji ameshapiga mpira, mlio unafuata baadaye. Kwa muziki haisumbui, kwa filamu na mpira waya ni bora.

Usifungue TV ya chogo

Kuna mafundi wa mtaani wanaoshauri TV ifunguliwe ili nyaya zivutwe kutoka kwenye spika ya ndani. Usikubali. Ndani ya TV ya chogo kuna umeme mkubwa unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Tena, kwenye baadhi ya TV hizo, sehemu za ndani zimeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Waya ukivutwa nje, hatari inahamia kwenye saundiba na kwa anayeishika. Zaidi ya hapo, sauti ya kwenye spika ina nguvu kuliko ile AUX inayotarajia, na inaweza kuiunguza saundiba.

Bado kimya?

- Bonyeza INPUT au SOURCE kwenye rimoti ya saundiba hadi ifike kwenye njia uliyotumia: HDMI, OPT au AUX.
- Ukisikia mwangwi, zima spika za TV kwenye menyu.
- Ukisikia mvumo kwenye AUX, tenganisha waya wa sauti na nyaya za umeme.
- Jaribu saundiba na simu kwa Bluetooth. Ikiimba, basi ni nzima; tatizo liko kwenye waya, setingi au TV.

Ukishapitia yote haya na TV haina tundu la kutoa, wala hakuna king'amuzi cha kuchukulia sauti, hapo ndipo ushauri wa kununua TV nyingine unapoanza kuwa na maana.