Kesi za pamoja: Jinsi wenye magari Marekani walivyoikabili Toyota

KASORO inayotokana na fundi aliyesahau kukaza nati hulihusu gari moja au machache. Kasoro ya muundo ni jambo jingine kabisa, kwani iliyomo katika gari moja imo katika kila gari lililoundwa kwa mchoro huo huo, hata lile ambalo dereva wake hajaona dalili yoyote. Hii ndiyo sababu kasoro za aina hiyo huzaa kesi za pamoja, ambapo watu wachache hushtaki kwa niaba ya maelfu au mamilioni.

Kesi dhidi ya kampuni ya Toyota ya Japan ni kielelezo kizuri cha jinsi utaratibu huo unavyoendeshwa nchini Marekani.

Mnamo Agosti 28, 2009, gari aina ya Lexus ES 350, ambalo huundwa na Toyota, lilishika kasi karibu na San Diego, California, na likakataa kusimama. Watu wanne wa familia moja walifariki. Wachunguzi walibaini kwamba mkeka wa miguuni haukuwa wa gari hilo na ulikuwa umelinasa kanyagio la mafuta.

Mwezi mmoja baadaye Toyota ilitangaza kwamba magari takriban milioni 3.8 nchini Marekani yangerekebishwa kwa sababu ya mikeka. Januari 2010 ikatangaza mengine milioni 2.3, ambayo kanyagio lake lingeweza kukwama. Mwezi uliofuata, mkuu wa kampuni hiyo, Akio Toyoda, alifika mbele ya kamati ya Bunge jijini Washington na kuomba radhi.

Kesi zilimiminika kutoka kila pembe. Aprili 2010 zile zilizokuwa katika mahakama za shirikisho ziliunganishwa mbele ya Jaji James Selna, jimboni California.

Walalamishi walikuwa wa makundi mawili. Kulikuwa na waliojeruhiwa au kufiwa. Kundi la pili, lililokuwa kubwa zaidi, ni la watu ambao hawakupata ajali yoyote. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara: walilipia gari salama, wakapewa gari ambalo sasa linaogopwa sokoni na bei yake imeshuka. Mawakili wa Toyota walijibu kwamba mnunuzi ambaye gari lake halijawahi kumsumbua hajapoteza chochote. Mabishano haya hujitokeza karibu katika kila kesi ya namna hii, na si rahisi kuyapuuza ya upande wowote.

Kanuni ya 23 ya mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho hutaka mambo manne. Lazima kundi liwe kubwa kiasi kwamba haiwezekani kumwita kila mmoja kortini. Pawe na suala linalowaunganisha wote. Madai ya wawakilishi yafanane na ya wenzao. Na wawakilishi hao, pamoja na mawakili wao, waweze kulinda maslahi ya kundi zima kwa haki. Fidia ya fedha inapodaiwa, masuala ya pamoja sharti yazidi uzito yale ya mtu binafsi.

Sharti hili la mwisho ndilo huwaweka kando majeruhi. Kila ajali ina habari zake: mwendo, hali ya barabara, mguu wa dereva ulikuwa wapi. Hivyo majeruhi huwasilisha kesi zao kivyao.

Mwanakundi hupewa notisi na anaweza kujiondoa. Asiyejibu huhesabiwa kuwa ameridhia, naye hufungwa na uamuzi hata kama hakusoma ile barua.

Maafikiano yalitangazwa Desemba 2012, na Jaji Selna akayaidhinisha Julai 2013. Thamani yake ilikadiriwa kuwa Dola 1.6 bilioni, ingawa si zote zilizokuwa pesa taslimu. Sehemu yake ilikuwa gharama ya kuweka mfumo unaoipa breki nguvu ya kuishinda injini, na nyingine ni dhamana ya ziada kwa baadhi ya vipuri. Mawakili walitengewa Dola 200 milioni kama ada. Toyota haikukiri kwamba magari yake yalikuwa na kasoro.

Je, kasoro ya kielektroniki ilikuwapo? Wahandisi wa shirika la anga la NASA, walioombwa na serikali kuchunguza, hawakuipata. Ripoti ilitolewa Februari 2011. Lakini Oktoba 2013, juri katika jimbo la Oklahoma ilisikiliza ushahidi kuhusu programu ya Camry ya 2005 na kuamua kwamba Toyota ilistahili kulipa fidia ya Dola 3 milioni. Machi 2014 kampuni hiyo ilikubali kuilipa serikali ya Marekani Dola 1.2 bilioni, na hapo ikakiri kwamba iliwapotosha wateja kuhusu mikeka na kanyagio.

Wenye Toyota nchini Kenya hawakuhusika, kwani maafikiano yaliyahusu magari ya soko la Marekani. Hata hivyo sheria yetu haijalifunga lango. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji bidhaa haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro, na Kifungu cha 22 huruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi haki za kikatiba zinapokiukwa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 pia inatambua kesi za pamoja.

Ugumu uko kwingine. Gari kuukuu linapofika Mombasa, muuzaji si muundaji, na barua ya kulirudisha gari hutumwa kwa mwenyewe wa kwanza kule Japan. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyolipuka na kuwaua watu katika nchi kadhaa kabla ya kampuni hiyo kufilisika mwaka wa 2017, huharibika upesi zaidi penye joto na unyevu, yaani hali ya hewa ya Pwani. Mwenye gari aweza kuuliza kwa wakala wa kampuni iliyoliunda, akitumia nambari ya chesisi.