cs2cs

cs2cs ni programu ya mstari wa amri inayobadili viwianishi vya mahali kutoka mfumo mmoja wa ramani kwenda mwingine. Ni sehemu ya PROJ, programu huria iliyoasisiwa na Gerald Evenden wa Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani.

Ramani nyingi za zamani za Tanzania hufuata mfumo wa Arc 1960. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji hukatiza kanda tatu za UTM, gridi ya viwianishi inayotumika kwenye ramani hizo: 37, 36 na 35 kusini. Kwa Tabora, amri ni `cs2cs -f %.6f EPSG:21036 EPSG:4326`, ambapo msimbo wa kwanza wa EPSG ni wa mfumo wa kuanzia (kanda 36) na wa pili ni wa mfumo lengwa; jibu hutoka kwa digrii za desimali, latitudo ikitangulia. Ujiji, magharibi mwa longitudo 30, hutumia EPSG:21035. Kukosea kanda moja huhamisha mji zaidi ya kilomita 600.